Kiinimacho Kifundishwe Nyumbani, Ayari Akose Soko

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Methali hii twaitumia kila siku, barazani na sokoni, tukitaka kusema kwamba dunia haikosi vioja. Lakini ni wachache kati yetu wanaokaa wakakumbuka kisa chenyewe kilikwendaje. Wachawi walioitwa na Firauni kutoka miji ya Misri hawakuja na panga wala mikuki. Walikuja na kamba na fimbo, vitu ambavyo havikosekani katika nyumba yoyote, iwe ya tajiri au ya maskini. Wakavitupa chini, na Kurani yatueleza katika Sura ya Al-Aaraf kwamba waliyazuga macho ya watu wakawatia khofu. Na katika Sura ya Taha, kwamba kamba zile zilionekana kana kwamba zinakwenda mbio. Kisha Nabii Musa, alayhi salaam, akaitupa fimbo yake, ikayameza yote waliyoyazua.

Sasa, msomaji mpenzi, ni nani waliosujudu siku ile? Si mawaziri wa Firauni. Ni wale wale wachawi, na hawakurudi nyuma hata Firauni alipowatisha kuwakata mikono na miguu. Kwa nini wao? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu wao walikuwa wakiijua kazi ile ndani na nje. Walijua hila yaanzia wapi na yaishia wapi, kwa hivyo walipoona jambo lililouvuka mpaka wa hila walilitambua papo hapo. Asiyeujua mpaka huo, kwake kila kioja ni sawa na kingine.

Huo ndio msingi wa haya ninayotaka kuyasema leo. Naona mtoto wa Pwani afundishwe kiinimacho nyumbani kwao, kwa vyombo vya jikoni, na afundishwe pamoja na siri yake. Nasema hivyo kwa kuwa miji yetu imejaa watu wanaoishi kwa kuyazuga macho ya wenzao. Tazama nguzo za taa na kuta za barabarani: matangazo ya waganga yamebandikwa kila mahali, na nambari ya simu chini yake. Huyu anarudisha mume aliyetoroka, yule anatoa majini, mwengine anazidisha pesa. Na watu huenda, wenye elimu na wasio na elimu, wakarudi mikono mitupu. Asiyeijua hila ndiye mteja wa ayari.

DINI YASEMAJE?

Najua wako watakaoshtuka wakisoma kichwa cha maneno haya. Watauliza, je, huyu ataka watoto wetu wafunzwe uchawi? La, hasha! Sihri ni katika madhambi makubwa yenye kuangamiza, na hilo halina mjadala. Hadithi yatuonya pia kwamba mwenye kumwendea mtabiri akamuuliza jambo, sala zake za siku arobaini hazikubaliwi. Tena wako maulamaa wanaosema hata mchezo wa mikono uachwe, kwa kuwa unafanana na sihri na waweza kumpoteza mjinga. Hoja yao naiheshimu, na anayetaka fatwa na amwendee sheikh wake. Mimi siandiki fatwa hapa.

Lakini natutazame kinachomtia mtu makosani. Yuko anayesimama mbele ya watu akasema, "Mimi nina uwezo," kisha akaificha siri yake chini ya kanzu. Na yuko anayesema, "Tazameni, huu ni mchezo, na mchezo wenyewe wachezwa hivi." Wa kwanza anawataka watu wamwamini. Wa pili anawafundisha wasiwe wepesi wa kuamini. Vitendo vyao vyaweza kufanana, lakini makusudio yao ni mbali kama mbingu na ardhi. Kile kinachoogopwa na maulamaa, yaani mjinga kupotea, ndicho hasa kinachoondoka siri inapoelezwa.

Wala mwendo huu si mgeni katika umma wetu. Katika karne ya 9 walikuwako Baghdad ndugu watatu waitwao Banu Musa, walioandika kitabu cha mitambo ya ajabu kipatayo mia moja: mabirika yanayomimina vinywaji mbalimbali kwa bomba moja, chemchemi zinazobadilisha umbo, na mengine mfano wa hayo. Kitabu chao kinaitwa Kitab al-Hiyal. Neno hilo hiyal ni wingi wa neno letu sisi Waswahili, hila. Kwa wataalamu wale, hila ilikuwa ni akili iliyotiwa katika chombo, na waliieleza waziwazi kwa maandishi na michoro.

Na katika karne ya 13 akatokea mtu wa Damascus, Abd al-Rahim al-Jawbari, akaandika kitabu kizima cha kufichua siri za walaghai wa zama zake. Aliwafichua waliojidai utume, waliojidai kugeuza shaba kuwa dhahabu, watabiri wa nyota, ombaomba wanaojitengenezea vidonda, na wengineo chungu nzima. Mwanachuoni yule hakuona kwamba kuzijua hila za waovu ni uovu. Aliona kwamba kuzinyamazia ndiko kunakowanenepesha.

KANZU NA MANJANO

Basi na tuingie jikoni tuone kuna nini.

Kila mama anayefua nguo anakijua kioja hiki, ila hakukiita kioja. Kanzu nyeupe ikidondokewa na mchuzi wa biriani huwa na doa la manjano. Litie sabuni, doa lageuka jekundu kama damu. Likamulie ndimu, larudi rangi yake ya kwanza. Siri ni kwamba manjano hugeuka rangi yakikutana na kitu chenye tabia ya magadi, kama sabuni, majivu au chokaa, na hurudi yakikutana na ukali wa ndimu. Basi.

Sasa mfikirie ayari mwenye kuijua siri hiyo mbele ya mama mwenye mtoto mgonjwa. Kitambaa amekwisha kichovya katika maji ya manjano akakianika. Maji yake aliyatia chokaa ile ile ya tambuu, akayaacha yakatuama, akayachuja, nayo huonekana safi kama maji ya mfereji. Anamwambia mama anawe mikono, kisha akishike kitambaa. Vidole vyote vyatokea vyekundu. "Umeiona damu? Mwanao anataka kumalizwa!" Mama yule atatoa hata bangili zake za dhahabu. Lakini lau tangu utotoni alichezeshwa mchezo huo na bibi yake kando ya beseni la kufulia, angemtazama ayari usoni akamwuliza, "Na ndimu je, unayo?"

Chukua yai. Yai zima likitiwa katika glasi ya maji matupu huzama. Koroga ndani ya glasi nyingine vijiko vikubwa vitatu au vinne vya chumvi, yai lile lile litaelea, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito kuliko maji matupu. Kwa macho glasi mbili hizo hazina tofauti. Mlaghai akiwa nazo, aweza kukuzamishia yai lako akasema umefungwa, na ukisha kulipa, akakuelezea akasema umefunguliwa.

Chukua ndimu. Andika kwa maji yake juu ya karatasi nyeupe kwa kijiti, uiache ikauke. Hapana kitakachoonekana. Ipitishe karatasi juu ya joto la makaa, bila ya kuigusisha moto, na maandishi yatatokea yakiwa na rangi ya hudhurungi, maana palipoingia maji ya ndimu huungua kabla ya karatasi iliyobaki. Hebu fikiri ni ugomvi wa kiasi gani waweza kutiwa katika nyumba na mtu anayeokota uvumi mtaani, akaandika jina la wifi au la jirani kwa ndimu, kisha akalitokeza juu ya chetezo cha ubani!

Iko michezo mingine isiyokuwa na ayari ndani yake, nayo ni ya kumfurahisha mtoto na kumwamsha akili. Nyunyizia pilipili manga iliyosagwa juu ya bakuli la maji, mwambie mtoto atie kidole katikati, pilipili haitatikisika. Kisha wewe tia kidole ulichokipaka sabuni, pilipili yote itakimbilia ukingoni. Uso wa maji umejivuta kama ngozi ya ngoma, na sabuni huulegeza pale inapogusa, basi ule upande uliokazana huivuta pilipili. Au tia sarafu ndani ya bakuli lisiloonyesha, umrudishe mtoto nyuma hatua kwa hatua mpaka sarafu ifichwe na ukingo; mimina maji polepole, na sarafu itamtokea bila ya yeye wala sarafu kusogea. Mwanga unapotoka majini hupinda njia yake.

Au jaza glasi maji mpaka juu, uifunike kwa kadi ngumu, uishikilie kadi kwa kiganja, uipindue glasi, kisha uondoe kiganja. Maji hayamwagiki. Hewa inayotuzunguka yakandamiza kwa nguvu ya kama kilo moja kwa kila sentimita moja ya mraba. Mdomo wa glasi wenye upana wa sentimita 6 huwa na sentimita 28 za mraba, basi kadi yasukumwa kwenda juu kwa nguvu ya kama kilo 28, na maji yaliyomo hayafiki hata nusu kilo. Fanyeni juu ya sinia, msije mkaharibu mkeka.

Na wale wanaojidai kuosha pesa nyeusi zikawa noti safi? Nao pia wana jiko lao. Noti chache za kweli hupakwa gundi na dawa ya vidonda ya iodini zikawa nyeusi, na chini yake hupangwa karatasi nyeusi tupu. Maji ya ajabu wanayooshea ni vidonge vya vitamini C vilivyosagwa. Mwenye duka huoneshwa noti moja au mbili zikitakata mbele ya macho yake, akatoa akiba ya miaka kumi kununua sanduku la makaratasi. Mchezo wake wa nyumbani ni huu: tia matone machache ya iodini katika maji yaliyopikiwa wali, yatakuwa ya buluu iliyoiva hata kukaribia weusi. Koroga kidonge cha vitamini C kilichopondwa, yatatakata. Yasinywewe, yamwagwe. Mtoto aliyeyaona hayo mara moja hatauziwa sanduku akiwa mkubwa.

SUMAKU YA ALJERIA

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo madogo, ya watoto na ya wanawake wa mtaani. Natoa mfano mmoja tuone kama ni madogo.

Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilikuwa ikiitawala Aljeria kwa mabavu, na ilikuwa na wasiwasi na mashekhe wa huko waliokuwa na sauti kwa watu. Ikampeleka Jean-Eugène Robert-Houdin, aliyekuwa fundi wa saa na bingwa wa kiinimacho, akaonyeshe ustadi wake mbele ya wakubwa wa makabila, ili Waislamu wale waone kwamba Mfaransa ana uwezo usioshindika. Miongoni mwa vitu alivyochukua lilikuwa sanduku dogo. Alimwita mtu mwenye nguvu kutoka katika umati, akamwambia alinyanyue, naye akalinyanyua kwa urahisi. Kisha akamwambia kwamba sasa amemnyang'anya nguvu zake. Mtu yule akavuta, akakaza misuli, akatoka jasho, sanduku halikutoka mahali pake. Mwishowe mshipi wa umeme ukapitishwa katika mkono wa sanduku, na jabali lile likaanguka kwa mshtuko na kukimbia.

Sanduku lilikuwa na chuma chini yake, na sakafuni kulikuwa na sumaku ya umeme iliyofichwa. Hapana zaidi ya hayo. Robert-Houdin mwenyewe aliandika katika kumbukumbu zake kwamba baadaye wakalimani waliagizwa wawaeleze watu kuwa yale ni ustadi wala si uchawi. Lakini khofu ilikuwa imekwisha ingia, na ndiyo iliyokusudiwa.

Leo mtoto wa darasa la sita akizungusha waya kwenye msumari na kuufunga kwa betri ya tochi, msumari huokota pini; akiufungua, pini huanguka. Ni jambo lile lile la Aljeria, kwa udogo wake. Natuone basi kwamba kutojua hila ya jirani si aibu ya nyumbani tu. Yaweza kuwa mlango wa kutawaliwa.

DAMU ZA WAZEE

Liko jambo jingine zito zaidi, nalo liko karibu nasi. Anayeamini kwamba kila kioja ni uchawi, hana budi kumtafuta mchawi. Katika Kilifi wazee wameuawa, waume kwa wake, kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo pana ugomvi wa shamba. Wengine wamekimbia makwao wakaenda kuhifadhiwa Kaya Godoma, huko Ganze. Mtu mwenye mvi, aliyewalea watu, akimbia usiku kwa kuwaogopa wajukuu zake! Na mara ngapi jina la mzee huanza kutajwa kinywani mwa mpiga ramli mwenye karatasi yake, kitambaa chake na maji yake?

Uingereza nako walipita njia hiyo. Katika karne ya 16 vikongwe walikuwa wakishtakiwa uchawi na kunyongwa. Mwaka 1584 mtu aitwaye Reginald Scot akatoa kitabu cha kupinga udhalimu huo, na ndani yake akaeleza namna wachezaji wa kiinimacho wanavyoficha sarafu, wanavyochezea kamba, na wanavyojidai kujidunga kisu. Alieleza michezo ili kuokoa maisha ya watu, kwani mwenye kujua jinsi kioja kinavyofanywa hana haja ya kumsingizia ajuza. Kitabu hicho hakikumaliza mambo kwa siku moja, lakini kilifungua njia.

Hapa Kenya sheria ya uchawi ilitungwa tangu mwaka 1925, zama za Waingereza. Wanaobandika matangazo nguzoni hawakuiogopa. Sheria humfika mlaghai baada ya mtu kulia. Elimu humfika mtu kabla ya kulia.

WATAKAOPINGA

Yuko atakayesema, mtoto ukimfundisha hila utamfanya ayari. Najibu kwamba ayari tayari anazijua hila zote hizi, na hakuna anayebaki hazijui ila yule anayeibiwa. Tena mtoto tuandamane naye na adabu tangu siku ya kwanza. Akimaliza mchezo aseme siri yake. Asichukue pesa ya mtu kwa mchezo. Asimtishe mdogo wake wala mgonjwa. Asicheze na moto, wala asionje chochote. Wala asiutie mchezo katika maneno ya dini, akasoma aya ili pilipili ikimbie. Hapo ameshauvuka mpaka.

Na yuko atakayehofia kwamba mtoto aliyezoea kuuliza "yafanywaje?" ataishia kuyakanusha ya ghaibu. Mimi naona kinyume chake. Kuyaamini ya ghaibu ni katika imani yetu, lakini hatukuamrishwa kumwamini kila anayejidai kuwa na funguo zake. Wachawi wa Firauni hawakukanusha muujiza. Waliutambua, na waliutambua kwa kuwa walikuwa na kipimo. Mtoto asiye na kipimo leo atamwamini mganga, kesho atamwamini mwanasiasa, na keshokutwa atamwamini mwenye sanduku la pesa nyeusi.

Kwa hivyo nawaomba akina mama na akina baba, akina bibi na babu. Hizi jioni za Ramadhani baada ya tarawehe, na siku za likizo watoto wanapokosa la kufanya, toeni bakuli, ndimu, chumvi na yai. Wachezesheni, wacheke, kisha waambieni siri. Waalimu wa vyuo nao, wanaposomesha kisa cha Nabii Musa, wasikipite haraka pale pa kamba na fimbo. Hapo pana somo la siku nzima. Gharama yake haifiki bei ya kikombe cha kahawa. Na siku mlaghai atakapobisha hodi na kitambaa chake, atamkuta mtoto mlangoni anamngojea na kipande cha ndimu.